Kerezo na Mguu wa Fundi

Katika kazi nyingi za useremala mti hutulia na makali huenda. Katika kukereza mambo hugeuka: mti ndio uendao, na makali ndiyo yatuliayo. Aliyeitazama miguu ya vitanda vya samadari katika nyumba za kale za Lamu au Unguja, yenye pete na vifundo vilivyolingana, ameiona kazi ya kerezo, au keezo kama wengine walitamkavyo jina lake. Historia ya chombo hiki aghalabu huelezwa kama historia ya nguvu: mkono, mguu, maji, mvuke, umeme. Nia yangu ni kuionyesha kama historia ya usalama. Maana kila nguvu mpya ilipoingia katika kerezo, ulinzi wa kale ulitoka, na fundi alipaswa kuliziba pengo hilo kwa akili yake.

Picha ya kerezo iliyo ya kale kuliko zote zijulikanazo iko Misri, katika kaburi la kuhani Petosiris huko Tuna el-Gebel, nayo ni ya mwaka 300 hivi kabla ya Kristo. Watu wawili wanafanya kazi: mmoja anavuta kamba iliyozungushwa huku na huku, mwenziwe ameshika chombo cha kukata. Mti huenda mbele, kisha hurudi nyuma, na makali hukata uendapo mbele tu. Kaskazini mwa Ulaya fundi aliifunga kamba katika kanyagio, akaizungusha mtini, na ncha ya juu akaifunga katika ufito mnyumbufu: mguu ulishusha, ufito ulirudisha. Katika mtaa wa Coppergate, mjini York, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya vikombe vilivyokerezwa zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Na jina la mtaa huo, katika lugha ya watu wa Skandinavia waliokaa hapo, lina maana ya mtaa wa watengeneza vikombe. Nao waliokereza miguu ya viti katika misitu ya Chiltern, kwa viwanda vya High Wycombe, walilitumia kerezo la ufito hata karne ya 20.

Hebu tuutazame ulinzi uliokuwamo. Mti ulipokwama, kamba iliteleza. Fundi alipoingiwa na hofu, mguu wake ulisimama, na mti ukasimama nao. Mwendo haukuweza kuzipita nguvu za paja lake. Hakuhitaji kuambiwa ajihadhari na kerezo, kwa kuwa kerezo lilikuwa sehemu ya mwili wake.

Mwisho wa karne ya 15 Leonardo da Vinci alichora kerezo lenye kanyagio, mkono uliopinda na gurudumu zito, ili mti uzunguke upande mmoja pasipo kurudi nyuma. Faida yake haina shaka. Lakini gurudumu zito huhifadhi mwendo, na mguu ukiondolewa mti huendelea kwenda. Hapo ndipo kerezo lilipoanza kuwa na nia yake lenyewe. Mwaka 1701 mtawa Mfaransa Charles Plumier alitoa huko Lyon kitabu kizima juu ya sanaa hii. Mnamo mwaka 1800 Henry Maudslay, huko London, alikamilisha kerezo la chuma ambalo makali yake hushikwa na kusogezwa kwa parafujo, na mkono wa fundi wa vyuma ukaondolewa hatarini. Mkono wa mkereza mti haukuondolewa: hata leo hushika bobari mwenyewe, mbele ya mota isiyomjua.

Kwa hiyo yale yaliyofanywa na mguu wakati wa kazi, leo hapana budi yafanywe kabla ya kazi. Kerezo lisimame imara, lisitikisike. Ncha ya kichwa cha mbele na ncha ya kichwa cha nyuma zikutane sawasawa, mti ushikwe katikati yake, na kichwa cha nyuma kikazwe. Kiegemeo cha patasi kiwe karibu na mti, milimita 3 hadi 6, kwa kimo kitakachoyaweka makali usawa wa kitovu cha mti au juu yake kidogo; kikiwa mbali, mti huyavuta makali chini kwa ghafula. Wala kisisogezwe mti ukiwa unazunguka. Mikono ya kanzu ikunjwe.

Kisha mwendo. Kijiti chenye upana wa sentimita 3, kikizunguka mara 2000 kwa dakika, ukingo wake huenda kilomita 11 tu kwa saa. Gogo la bakuli la sentimita 30, kwa mizunguko ile ile, ukingo wake huenda kilomita 113. Na kila mizunguko ikizidishwa mara 2, nguvu ya kulirusha gogo lisilo na mizani huzidi mara 4.

Nilipokuwa kijana nilikuwapo katika karakana moja ambamo fundi alikereza vijiti asubuhi. Mchana mwanafunzi wake akafunga gogo la bakuli, akawasha bila kuuhamisha ukanda. Gogo lilichomoka likapasua mlango. Kijana alipona kwa kuwa alikuwa ameinama kuokota bobari. Fundi hakumgombeza. Aliketi, akasema kosa ni lake, kwani alimfundisha kukata kabla ya kumfundisha kuandaa.

Maneno hayo yangestahili kuandikwa juu ya mlango wa kila karakana. Wazee wamesema tahadhari kabla ya athari. Katika kerezo la ufito tahadhari na kazi zilikwenda pamoja, katika kerezo la mota zimetengana, na aliyezisahau zilivyotengana huadhibiwa. Ndiyo maana fundi mwangalifu, kabla ya kugusa swichi, huuzungusha mti kwa mkono mzunguko mmoja kamili, aone kama unagusa popote. Mzunguko huo wa polepole haukati kitu. Lakini katika muda huo mfupi mti huenda kwa nguvu za mtu tena, kama ulivyokwenda mbele ya wale wawili wa kaburi la Petosiris, na hukoma atakapo yeye.