Sinza na Manzese: Mradi Mmoja, Mitaa Miwili

Anayetafuta nyumba ya kununua Dar es Salaam hushangaa jinsi bei inavyopaa akitoka Manzese na kuingia Sinza, ilhali kata hizi zimepakana. Dalali atamwambia Sinza ni ya wenye nazo. Maelezo hayo hayatoshi, maana Sinza haikupimwa kwa ajili ya matajiri.

Katika miaka ya 1960 serikali ilibomoa nyumba duni, kisha Shirika la Nyumba la Taifa likajenga mpya palepale. Gharama zikaelemea. Mwaka 1972 sera ikabadilika, na kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaja mradi wa viwanja vyenye huduma. Sinza bado ilikuwa na nafasi. Wapimaji wakatangulia, wakasimika bikoni, barabara zikachongwa na maji yakavutwa, ndipo watu wakagawiwa viwanja, kila mmoja ajenge kadiri ya uwezo wake.

Manzese watu walikuwa wameshajenga. Mradi uleule ukawafuata walipo na barabara, maji na huduma nyingine. Ulikuwa uamuzi wa utu, na ninauheshimu: watu wengi walibaki kwenye nyumba zao badala ya kuvunjiwa. Lakini nafasi kati ya nyumba na nyumba haikuongezeka.

Mwaka 2021 wachumi, akiwemo Guy Michaels wa London School of Economics, walichapisha utafiti kuhusu maeneo ya mradi huu nchini. Waliona kwamba maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yana nyumba bora na ardhi yenye thamani zaidi. Yale yaliyoboreshwa baada ya watu kujenga hayakutofautiana sana na yale ambayo mradi haukuyagusa.

Tofauti hiyo huonekana choo kinapojaa. Sinza gari la majitaka hufika getini. Ndani ndani Manzese hubaki barabarani, na mpira hukokotwa chochoroni, ukuta huku na ukuta huku, pengine ukipita mlangoni kwa jirani hadi uani. Ukinunua Sinza, sehemu kubwa ya fedha yako unailipia barabara ile iliyoachwa wazi miaka hamsini iliyopita.

Hata hivyo, mwekezaji wa vyumba vya kupanga asiidharau Manzese. Tangu 2016 mwendokasi unapita mlangoni pake, na wapangaji hawakosekani. Aangalie tu karatasi za muuzaji, kama ni leseni ya makazi au hati: leseni kisheria haizidi miaka mitano, wakati hati hutolewa kwa 33, 66 au 99.

Kwa familia ningechagua Sinza, ila si kila mtaa wake. Viwanja vingi vilivyogawiwa kwa makazi sasa ni baa, gesti na fremu za maduka. Kabla ya kulipa, wapite pale usiku wa Ijumaa. Na kama ni Manzese, waende masika, mvua ikiwa imekolea, waone maji yanaelekea wapi.