Pensheni Kabla ya Kinga: Mwili wa Mcheza Baleti katika Opera ya Paris

Tarehe 24 Desemba 2019, wacheza baleti wa Opera ya Paris waliokuwa katika mgomo walicheza sehemu za Swan Lake nje, mbele ya jengo la Palais Garnier. Walipinga mpango wa serikali ya Ufaransa wa kufuta pensheni maalumu inayowaruhusu kustaafu wakiwa na umri wa miaka 42. Insha hii inajenga hoja kwamba mgogoro huo haukuhusu fedha pekee, bali pia namna taasisi inavyoyatambua majeraha ya misuli na mifupa yatokanayo na kazi.

Pensheni hiyo ilianzishwa mwaka 1698, enzi za Mfalme Louis XIV, kabla baleti haijawa sanaa ya kusimama kwenye ncha za vidole. Mtindo huo ulipata umaarufu mwaka 1832, Marie Taglioni alipocheza La Sylphide jijini Paris kwa viatu laini vya satini vilivyoimarishwa kwa nyuzi tu. Tangu hapo, vidole vya miguu vilibebeshwa uzito wa mwili mzima. Aidha, mchezaji hutakiwa kugeuza miguu nje kuanzia kwenye nyonga. Nyonga isiporuhusu, mzigo huhamia kwenye magoti na vifundo. Marudio ya kila siku huzaa nyufa za mifupa na maumivu ya kano. Jukwaa la Palais Garnier nalo lina mteremko wa asilimia 5, hivyo mchezaji hulazimika kuurekebisha mwili wake kila anaporuka na kutua.

Licha ya hayo, chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya dansi kiliundwa mwaka 1990 tu, karibu miaka 300 baada ya pensheni. Kwa maneno mengine, mwili uliochakaa ulipata kifuta jasho mapema, lakini mwili uliokuwa bado kazini ulichelewa kupata kinga.

Serikali ilipopendekeza kwamba mabadiliko yawahusu tu watakaoajiriwa kuanzia mwaka 2022, waliogoma walikataa, ingawa wao wenyewe wangesalimika. Machi 2020 mageuzi hayo yalisitishwa kutokana na janga la korona. Kukataa huko kunadhihirisha kwamba, machoni mwao, pensheni haikuwa upendeleo wa kizazi kimoja. Ilikuwa deni la taasisi kwa kila mwili utakaoitumikia, ukiwemo wa mtoto aliyekuwa bado mwanafunzi.