Mwanza Ilipotekwa, Julai 1916

Tulipokuwa darasani hapa Nyakato tulikariri Verdun na Somme, vita vya 1916, mpaka majina ya majemadari. Hatukuambiwa kwamba Julai ile ile ulitekwa mji huu tuliokuwa tukitorokea siku za Jumamosi (walimu wetu watusamehe).

Waingereza walianza na tumbo la adui. Mpunga wa Ukerewe ndio uliolisha askari wa Kijerumani, kwa hiyo Juni 1916 wakakitwaa kisiwa. Kwa maoni yangu, vita viliamuliwa pale. Kisha Jemadari Crewe hakuja bandarini, kulikolindwa na mzinga wa manowari Königsberg, ile iliyoangamizwa Rufiji 1915. Aliteremsha askari usiku huko Kongoro, mashariki ya mji, wakaja kwa miguu. Tarehe 14 Julai wakaingia. Mzinga waliukuta, Mjerumani hawakumkuta: alikwisha kushika njia ya kusini kuelekea Tabora, na Crewe ikambidi amfuate kwa majuma mengi. Septemba 19 waliotangulia kuingia Tabora walikuwa Wabelgiji.

Masanduku ya risasi yalibebwa vichwani. Babu yake baba yangu alichukuliwa upagazi mwaka huo, akapita Shinyanga na jeshi hilo, hakurudi. Vitabu nilivyosoma Chuo Kikuu vinataja meli moja moja kwa jina, wapagazi kwa jumla tu. Bibi alikuwa akilitaja jina lake kila msimu wa mavuno.