Sili Inayopiga Simu: Jinsi Malori Yetu Yalivyozoea Kufuatiliwa

Leo nawaomba tuziache tarakilishi zetu kidogo, tupande lori pale Changamwe, Mombasa, twende nalo hadi mpakani Malaba. Njiani nitawasimulia jinsi serikali ilivyojifunza kuliona kasha la mizigo likiwa porini, na jinsi madereva walivyojifunza kuishi na jicho hilo. Mjomba wangu aliendesha trela katika barabara hiyo kwa miaka mingi, kwa hivyo mengine niliyasikia kwake na mengine yalinikuta mwenyewe.

Kwanza, kwa nini serikali ifuatilie lori? Mizigo mingi ya Uganda, na baadhi ya ile ya Rwanda, Burundi na Kongo, hushukia Mombasa. Mwaka 1985 Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zilitia saini mkataba wa Ukanda wa Kaskazini ili mizigo hiyo ipite bila kikwazo. Mzigo wa kupita hautozwi ushuru wa Kenya. Huwekewa dhamana tu hadi uvuke mpaka. Sasa fikiria sukari ya Kampala ikiteremshwa usiku katika ghala la Nairobi. Aliyeiteremsha hajalipa ushuru, na mwenye duka mwaminifu atashindana naye vipi?

Dawa ya zamani ilikuwa karatasi, sili ya kawaida mlangoni mwa kasha, na msafara. Malori yenye mizigo inayovutia walanguzi yalingojeana mpaka yatoshe, kisha yakaondoka yakisindikizwa na maafisa. Mjomba alikuwa akisema, "Mpwa wangu, lori moja likipata pancha, sote tumelala njaa." Na safari ya zaidi ya kilomita 900 ina pancha nyingi!

Mwaka 2005 idara ya forodha ikaanza kutumia Simba, mfumo wa tarakilishi wenye asili yake Senegal. Hapo mawakala wakaanza kutuma maombi yao kwa mtandao badala ya kubeba mafaili mikononi. Lakini Simba huyo alijua mambo mawili tu kuhusu safari: kasha limetoka Mombasa, kasha limefika mpakani. Katikati palikuwa giza tupu.

Giza hilo ndilo lililoleta sili ya elektroniki, kuelekea mwaka 2010. Si ajabu kubwa ukiifungua: kuna kipokezi cha GPS cha kujua mahali, laini ya simu ya kutuma habari, betri, na kufuli lenye waya. Waya ukikatwa, sili hupiga kelele kwa wakubwa. Lori likitoka kwenye njia iliyochorwa kwenye ramani, au likisimama mno mahali pasipofaa, vivyo hivyo. Ikiwa hakuna mtandao wa simu, sili huweka kumbukumbu na kuzituma baadaye.

Safi sana, sivyo? Tatizo lilikuwa kwamba wenye malori walitakiwa kuchukua vifaa hivyo kwa kampuni binafsi zilizoidhinishwa, kila moja na mtambo wake. Mimi nilipata kibarua kwa tajiri mmoja wa malori manane pale Miritini. Alikuwa na sili za kampuni mbili, tovuti mbili na nywila mbili. Nikamwandikia programu ndogo ya kukusanya taarifa zote katika hifadhidata moja. Nilijiona fundi kweli!

Kisha usiku mmoja wa mwaka 2012, karibu na Mtito Andei, sili moja ikanyamaza. Kampuni iliyoikodisha ikaripoti kwamba imevunjwa. Lori likazuiwa na dereva akahojiwa kama mwizi. Dereva huyo alikuwa mjomba wangu.

Nikakimbilia hifadhidata yangu. Ilisema nini? "Sili imevunjwa." Nilikuwa nimenakili neno la kampuni bila kuhifadhi kiwango cha betri, kwa sababu niliona hakina maana. Programu yangu ilikuwa shahidi wa upande wa mashtaka!

Kilichomwokoa mjomba ni daftari la shule la kurasa 48. Ndani yake aliandika saa ya kila kituo, na alibana humo risiti ya mizani ya Mariakani na ya dizeli ya Voi. Saa zililingana na mwendo wa kawaida. Hakukuwa na nafasi ya kuteremsha hata gunia moja. Siku ya pili kasha likafunguliwa, mzigo ukahesabiwa, ukakutwa kamili. Betri ilikuwa imekufa, basi. Hakuna aliyemwomba radhi, na zile siku mbili hakulipwa.

Baada ya hapo tajiri alibadili utaratibu. Betri ikapimwa kabla ya safari na kipimo kikaandikwa, madereva wakalala kwenye vituo vinavyojulikana tu, na kila mmoja akapewa daftari. Mimi nikaandika programu upya, ihifadhi data ghafi na si hukumu ya mtu mwingine.

Mambo yaliendelea kubadilika. Mwaka 2014 eneo la forodha la pamoja likaanza kazi, ushuru wa mizigo ya Uganda ukawa unalipwa kabla lori halijaondoka Mombasa. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zikaingia kwenye mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo. Sili zikawa za mamlaka ya ushuru yenyewe, na vituo vya Nairobi, Kampala na Kigali vikatazama safari ileile. Teknolojia yenyewe haikuwa imebadilika sana. Kilichobadilika ni nani anamiliki kifaa na nani anaona taarifa zake.

Kisha ikaja korona. Mwaka 2020 foleni ya Malaba ilifika makumi ya kilomita, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaleta programu ya simu yenye majibu ya vipimo vya dereva na safari yake. Ukitazama nyuma unaona hatua zilivyopandana: serikali ilianza kwa kufuatilia karatasi, ikafuata kasha, mwishowe ikamfikia mtu mwenyewe.

Mimi sipingi sili. Msafara ulikuwa mateso, na magendo yanatuumiza sote. Lakini sisi tunaoandika programu tuna deni. Mtambo usioweza kutofautisha betri iliyokufa na mwizi aliyekata waya haujakamilika, na mtu anayefuatiliwa anapaswa kubaki na nakala yake ya yaliyorekodiwa. Mjomba amestaafu sasa, yuko Kaloleni na minazi yake. Lile daftari bado analo, na hataki kumpa mtu.

Haya, tufike salama. Safari njema!