Kasi Halali, Sasisho Lisilogawanyika: Programu ya Mota na Mamlaka ya Mtengenezaji Baada ya Mauzo

Kanuni namba 168/2013 ya Umoja wa Ulaya inaiweka nje ya sheria za pikipiki baiskeli yoyote ya pedali ambayo mota yake haizidi wati 250 za nguvu endelevu, na ambayo mota hiyo huacha kusaidia mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Ndani ya mipaka hiyo, katika nchi nyingi za Ulaya, mwenye baiskeli hadaiwi leseni, bima wala namba ya usajili. Akiivuka, chombo kilekile huwa pikipiki machoni pa sheria. Kinachozigawa hadhi hizo mbili hakimo katika sumaku za mota, wala nyaya zake za shaba, wala betri. Kimo katika sehemu ndogo ya programu inayoiamuru mota inyamaze.

Kwa kuwa mpaka ni wa programu, umezaa biashara ya vifaa vya kuuchezea, na biashara hiyo nayo imezaa masasisho ya kuizima. Mvutano huo kwa kawaida huelezwa kama ugomvi kati ya watii sheria na wakaidi. Hoja ya makala hii ni nyingine. Kikomo cha kilomita 25 ni halali na kinastahili kulindwa. Tatizo ni kwamba mtengenezaji hukilinda kwa sasisho moja lisilogawanyika, linalobeba pamoja ulinzi wa kasi na marekebisho ya usalama, na kwa kufanya hivyo huwasukuma wapanda baiskeli walio hatarini zaidi wayakimbie marekebisho wanayoyahitaji kuliko wote.

Tuanze na jinsi mota inavyodanganywa. Mota inayofungwa kwenye mhimili wa pedali kwa kawaida huupima mwendo kwa sumaku ndogo iliyobanwa kwenye spoki ya gurudumu la nyuma. Kila sumaku inapopita mbele ya kihisi, kihisi hutuma mpigo. Programu huhesabu mipigo ya muda fulani, huizidisha kwa mzingo wa gurudumu, huigawa kwa muda huo, na kupata mwendo. Kifaa cha kuchezea kasi hukaa katikati ya kihisi na mota. Mwendo unapokaribia kikomo, kifaa hupitisha, kwa mfano, mpigo mmoja katika kila miwili, na mota huamini iko kwenye kilomita 20 ilhali iko kwenye 40. Programu haijaguswa. Kilichobadilishwa ni ushahidi unaoifikia, na mota za zamani hazikuwa na shahidi wa pili wa kuulinganisha nao.

Mwaka wa modeli wa 2020, kampuni ya Bosch, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mota hizi Ulaya, iliingiza ukaguzi wa udanganyifu katika programu yake. Mantiki ya ukaguzi wa namna hii si ngumu kuielewa. Mota inajua pedali zinazunguka mara ngapi kwa dakika, inajua miguu inasukuma kwa nguvu kiasi gani, na inajua yenyewe inatoa wati ngapi. Gurudumu linaloripoti kwamba mwendo wake umeshuka nusu kwa ghafla, huku pedali zikiendelea kama zilivyokuwa, linaripoti jambo lisilowezekana barabarani. Mota ikiridhika kwamba imechezewa, huonyesha hitilafu namba 504 na kupunguza msaada hadi kiwango cha chini kabisa. Mpanda baiskeli hulazimika kuendesha dakika 90 katika hali hiyo ndipo mota irudi kawaida. Ikitokea mara ya tatu, ni muuzaji aliyeidhinishwa tu anayeweza kuifungua. Watengeneza vifaa nao hawakulala. Walitoa matoleo mapya yanayoupotosha mwendo kwa namna inayofanana zaidi na uendeshaji wa kweli, na tangu hapo kila upande huusubiri mwingine utoe toleo lake.

Sina shaka kuhusu uhalali wa kikomo chenyewe. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi: baiskeli inayokwenda kilomita 45 kwa saa hubeba nishati mara 3.2 ya ile inayokwenda 25, na yote lazima imezwe na breki, au na mwili wa mtu. Nguvu ya kuupasua upepo hukua kwa mchemraba wa kasi, yaani karibu mara sita, na mzigo huo huangukia mota, mnyororo na betri ambazo hazikukusudiwa kuubeba kwa saa nzima. Mtembea kwa miguu anayeshiriki njia na baiskeli amepangiwa usalama wake kwa kudhani kwamba kinachomjia ni baiskeli. Ndiyo maana Ufaransa, kwa sheria yake ya usafiri ya Desemba 2019, iliweka adhabu ya kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi euro 30,000, na Ujerumani humhesabu mwenye baiskeli iliyochezewa kuwa anaendesha chombo cha moto bila bima ya lazima, jambo ambalo ni kosa la jinai.

Lakini tazama kinachotokea kwa mtu aliyekwisha kununua kifaa hicho. Ushauri wa kwanza anaopewa na aliyemuuzia ni kutosasisha programu ya mota. Anautii, kwa sababu anajua sasisho litamletea 504. Baada ya miezi kadhaa mtengenezaji anatoa toleo jipya: ndani yake mna ukaguzi mkali zaidi wa kasi, na humohumo mna marekebisho ya jinsi betri inavyochajiwa au jinsi mota inavyoitikia kihisi kinapokosea. Mtu huyu hapati lolote kati ya hayo. Anaendelea kwenda kilomita 40 kwa saa akiwa na programu ya zamani, na siku akiiuza baiskeli, mnunuzi asiye na habari hurithi vyote viwili. Sera iliyobuniwa kupunguza hatari imeikusanya hatari mahali pamoja na kuifungia mlango.

Fundi naye amewekwa pabaya. Baiskeli huletwa kwake kubadilishwa mnyororo. Akiiunganisha na kompyuta ya karakana, mfumo humtaka aisasishe. Akikubali, mteja anaondoka na mota iliyojifunga. Akikataa, amekirudisha barabarani chombo asichoweza kukitetea kikileta ajali. Kazi ya ulinzi wa sheria imewekwa mikononi mwake bila yeye kuulizwa.

Watetezi wa mfumo huu hujibu kwamba mota ilipimwa na kuthibitishwa kama kitu kimoja, kwa hiyo haifai kuigawa. Jibu hilo lingekuwa na uzito zaidi kama watengenezaji wenyewe wangeiacha mota jinsi ilivyopimwa. Mwaka 2025 Bosch ilitangaza sasisho kwa ajili ya toleo jipya la mota yake ya Performance Line CX. Kwa programu tu, bila kubadilisha skrubu hata moja, nguvu ya kuzungusha ilipanda kutoka nyutonimita 85 hadi 100, na nguvu ya kilele ikafika wati 750. Hatua hiyo ni halali, kwa sababu kilomita 25 hazikuguswa na wati 250 za sheria ni za nguvu endelevu, si za kilele. Ilikuja pia katika soko lililokuwa limetikiswa na mota ya Avinox ya kampuni ya DJI, iliyoingia mwaka 2024 ikiwa na nyutonimita 105. Silaumu ushindani huo. Ninachosema ni kwamba umeonyesha wazi kuwa tabia ya mota hubadilishwa baada ya mauzo kila soko linapodai. Kinacholindwa, basi, ni haki ya mtengenezaji kuwa mbadilishaji pekee.

Upekee huo una gharama ambayo wateja wa VanMoof wa Uholanzi waliionja Julai 2023, kampuni hiyo ilipofilisika. Kufungua kufuli ya baiskeli kwa simu kulitegemea ufunguo wa kidijitali uliotolewa na seva za kampuni, na wenye baiskeli walijikuta wakihofia kwamba seva zikizimwa watabaki na chuma kizito. Kampuni pinzani ya Cowboy ndiyo iliyotoa haraka programu ya simu ya kuwasaidia kuuhifadhi ufunguo wao. Baiskeli zilikuwa zimelipiwa, lakini uwezo wa kuzitumia kikamilifu ulikuwa umebaki Amsterdam.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kulifuatilia jambo hili. Kenya ilipolazimisha vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwenye matatu, kwa kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, navyo vilichezewa. Lakini kidhibiti kilikuwa kifaa ambacho mkaguzi wa serikali angeweza kukifungua na kukipima. Pikipiki za umeme zinazoundwa Nairobi na Roam, au zinazobadilishiwa betri na Ampersand huko Kigali, ni vyombo vinavyotawaliwa na programu. Swali la nani anaruhusiwa kuibadilisha programu hiyo, na kwa taarifa gani kwa mwendeshaji anayelipa mkopo wake kwa mapato ya kila siku, linafaa kuulizwa na wasimamizi wetu sasa, wakati viwango vyetu vingali vinaandikwa.

Ulaya yenyewe imefika nusu ya njia. Kifungu cha 11 cha Kanuni ya Betri namba 2023/1542, kitakachoanza kutumika tarehe 18 Februari 2027, kinakataza programu kutumiwa kuzuia betri ya chombo chepesi isibadilishwe kwa nyingine inayolingana nayo. Maelekezo namba 2024/1799 kuhusu haki ya matengenezo, yanayoanza kutumika tarehe 31 Julai 2026, yanazuia mbinu za programu zinazokwamisha matengenezo pasipo sababu halali. Sheria hizo mbili zinazungumzia kutengeneza. Hakuna hata moja kati yazo inayomlazimu mtengenezaji kuliachia sasisho la usalama lisimame peke yake, au kumweleza mnunuzi kwa maandishi ni nini kimebadilika ndani ya mota yake kabla hajabonyeza kukubali.

Mahali pa sharti hilo ni kwenye EN 15194, kiwango cha Ulaya cha baiskeli za umeme, ambacho tayari kinadai kinga dhidi ya kuchezewa. Kinga hiyo ibaki, na adhabu za Ufaransa na Ujerumani zibaki. Liongezwe dai kwamba marekebisho ya betri, ya kuchaji na ya hitilafu za vihisi yatolewe kama faili linalojitegemea, linalopatikana hata kwa baiskeli ambayo mota yake imeshajifunga kwa 504. Ugumu wa kiufundi hapa si mkubwa kama unavyodaiwa: betri na mota za baiskeli hizi tayari zina vichakataji tofauti, kila kimoja na programu yake na namba yake ya toleo, na kompyuta ya muuzaji huzionyesha kila moja kwa mstari wake.