Kidia ni ya Walimu Wake

Mgeni anayeacha barabara kuu pale Kiboriloni na kupanda Old Moshi kwa ajili ya historia ya kanisa huja na jina moja mdomoni: Gutmann, mmisionari wa Kijerumani. Anataka kuona alipokaa Gutmann, alipohubiri Gutmann. Simlaumu, kwani vitabu ndivyo vilivyomfundisha hivyo. Lakini mimi nimekuwa karani wa usharika kwa miaka mingi, nimeshika daftari za ubatizo na za ndoa, na daftari lina namna yake ya kukurekebisha. Mzungu ni sahihi moja chini ya ukurasa. Ukurasa wenyewe umejaa wenyeji.

Tuanze mbele kidogo ya Walutheri. Wamisionari wa kwanza kukaa Moshi walikuwa Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS), waliokuja mwaka 1885, enzi za Mangi Rindi, mtawala wa Moshi, ambaye wazungu walizoea kumwita Mandara. Rindi alikuwa mtu wa hesabu: mzungu wa dini, mzungu wa bendera, mfanyabiashara wa pwani, wote aliwapokea na wote aliwapima kwa faida yao. Alifariki mwaka 1891, mwanawe Meli akakalia kiti. Juni 1892 askari wa Meli waliwapiga Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akafa. Wajerumani waliwanyooshea kidole wamisionari wa Kiingereza kwamba ndio waliompa Mangi silaha na kichwa kigumu, na kabla mwaka haujaisha CMS walikuwa wamehamia Taveta. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi wakiongozwa na von Schele, Meli akashindwa.

Katika hali hiyo ndipo Walutheri wa Kijerumani wa misheni ya Leipzig walipoingia mlimani Kilimanjaro. Mwaka 1893 walianza Machame, si Moshi. Moshi walifika mwaka 1896 na kufungua kituo Kidia. Tafakari walichokikuta: Mangi aliyeshindwa lakini bado yupo, boma la kijeshi karibu yake, na watu ambao miaka minne tu nyuma walikuwa wamemwona mzungu akikimbia. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Asiyekuwa na fedha aliilipa kwa jasho, kwa kufanya kazi ya serikali.

Kisha ikaja tarehe 2 Machi 1900. Meli alinyongwa hadharani hapa Old Moshi pamoja na wenzake 18, wakiwamo watawala na wazee wa sehemu nyingine za mlima na wa Meru na Arusha, kwa tuhuma za kupanga uasi. Wazee wetu husimulia kwamba alichelewa kufa. Husimulia pia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na wajukuu wake wamekidai miaka nenda rudi. Mahali penyewe, Tsudunyi, hapako mbali na kanisa. Wasimulizi wengi wa historia ya usharika huu huruka hapo upesi, kama anayeruka mfereji wenye maji machafu. Mimi naona hapo ndipo swali lilipo: ilikuwaje watu waliomwona Mangi wao akining'inia wakapeleka watoto wao kwa watu wa lugha ileile ya walioshika kamba?

Jibu langu si la kiroho sana, wachungaji wanisamehe. Boma lilikuwa na kamba na kodi. Misheni ilikuwa na ubao na chaki. Anayejua kusoma alijua karatasi ya kodi inasema nini. Na aliyekuwa akimfundisha mtoto wa Kichagga kila siku, tangu miaka ya mwanzo kabisa, alikuwa kijana wa Kichagga mwenzake aliyemtangulia madarasa mawili au matatu. Shule za vijijini zilienea mlimani kwa miguu ya vijana hao. Mwalimu alifundisha asubuhi, akaongoza sala jioni, Jumapili akasoma Neno, akaenda kumwona mgonjwa. Mmojawapo wa walimu wa Kidia, Filipo Njau, kumbukumbu zake zilikuja kuchapishwa Ujerumani. Wengine wamebaki kwenye daftari tu, wengi wao kwa jina moja la ubatizo.

Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika tambarare. Serikali na maduka vikashuka kuifuata, na jina la Moshi likashuka navyo. Huku juu tukabaki kuwa Old Moshi. Boma liliondoka, usharika ukabaki na migomba yake.

Bruno Gutmann alikuwa amehamia Kidia mwaka uliotangulia, 1910. Alizaliwa Dresden mwaka 1876, alifika mlimani 1902, na ukiondoa miaka ya kufukuzwa kwake alikaa Kidia mpaka 1938. Sitamnyima haki yake. Alikaa na wazee akaandika sheria na mafundisho ya jando ya Wachagga katika majuzuu manene ambayo hata leo hakuna mtafiti anayeweza kuyapita pembeni. Agano Jipya la Kimochi, Kichagga cha Old Moshi, lililotoka 1939, ni kazi yake. Alikataa kuamini kwamba Mchagga lazima kwanza avuliwe uchagga ndipo abatizwe: ukoo, ujirani na rika aliviona kuwa vifungo vya Mungu mwenyewe. Ndiyo maana katika kipaimara aliwafunga vijana wawili wawili, kila mmoja awe ngao ya mwenzake maisha yote. Mwenzako akiugua, akilewa, akikosana na mkewe, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Ila alikuwa na upofu wake. Mji aliuogopa, na fedha aliiona kama kutu inayokula ukoo. Watu wa Old Moshi walimsikiliza kuhusu ngao, kisha wakapanda kahawa. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa kilipoundwa mwaka 1925, aliyekiongoza alikuwa Joseph Merinyo, mtu wa Old Moshi hii hii. Kwa miongo mingi kahawa ndiyo iliyolipa ada za shule, na sadaka pia.

Jambo lililoupima usharika hasa lilitokea mwaka 1920. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani, Gutmann akiwamo, na katika mlima mzima wakabaki wachache tu wenye asili ya nchi za Baltiki. Aliporudi katikati ya muongo ule alilikuta kanisa lipo na shule zinaendelea. Wamarekani wa sinodi ya Kilutheri ya Augustana walikuwa wamekuja kusaidia, ndiyo, lakini walikuwa wachache na wageni wa lugha. Waliokuwapo kila asubuhi ni walimu. Hata hivyo ilibidi ifike 1934 ndipo kundi la kwanza la wachungaji wazalendo wa kaskazini libarikiwe. Miaka zaidi ya thelathini ya kufundisha, kufariji na kuzika, ndipo mtu anavikwa joho! Naliita hilo deni, na sijaona popote lilipolipwa.

Vita vya pili vilipowaondoa tena Wajerumani, hakuna aliyeshangaa kwamba kanisa halikutetereka. Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na mkuu wake wa kwanza alikuwa Askofu Stefano Moshi, mzaliwa wa Mamba, ambaye naye alianzia ualimu.

Mtu akiniuliza urithi wa miaka hiyo uko wapi, nitamwambia abaki nje baada ya ibada Jumapili yoyote. Mkungu wa ndizi uliotolewa sadaka unawekwa mbele ya watu, mzee wa kanisa anapaza sauti: "Elfu kumi! Elfu kumi mara ya kwanza!" Mama mmoja anaununua kwa bei ambayo sokoni Kiboriloni ingenunua miwili, kisha anaurudisha: "Uuzwe tena." Unauzwa tena. Kuku anapigwa mnada huku amefungwa miguu na kuwatazama wote kwa hasira. Mwezi Desemba, walio Dar es Salaam na Arusha wanapopanda nyumbani, matarumbeta yanalia na bei ya kuku huyo hufika mahali pa kuchekesha.

Sasa nina ombi. Kama babu yako au bibi yako alikuwa mwalimu wa shule ya misheni Old Moshi, fungua lile sanduku la bati chini ya kitanda. Cheti cha ubatizo, picha ya darasa, barua, kitabu cha nyimbo chenye majina yaliyoandikwa jaladani: vipige picha kabla mchwa hawajafika, andika nyuma yake nani ni nani, kisha peleka nakala ofisi ya usharika wako. Karani atakupokea.