Tendaguru

Tendaguru ni kilima katika Mkoa wa Lindi, Tanzania, umbali wa kilomita 60 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Ukitoka Newala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, kiko ng'ambo ya bonde la Lukuledi. Kina visukuku vya dinosaria walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, wakati eneo hilo lilipokuwa ufukwe wa bahari. Kati ya matabaka yenye mifupa kuna mchanga mgumu uliojaa makombe ya baharini. Watanzania wengi wanamjua mmoja tu kati ya wanyama hao, nao humwita "mjusi wa Tendaguru".

Uchimbaji

Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa imechomoza ardhini. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeanza kusini mwaka mmoja kabla. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na kuna misimu vibarua walifika mamia kadhaa.

Mfupa uliopasuka ulifunikwa plasta, ukafungwa kwa mianzi, kisha wapagazi wakaubeba hadi bandari ya Lindi, safari ya siku nne kwa miguu. Mfupa mmoja wa juu wa mguu wa mbele una urefu wa zaidi ya mita 2. Shehena yote ilifikia takriban tani 225. Waingereza nao walichimba kuanzia 1924.

Majina

Mjusi mwenyewe, Giraffatitan brancai, alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13. Jina lake linamkumbuka Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho. Janensch naye ana Janenschia, na jenerali Mjerumani Lettow-Vorbeck ana Dysalotosaurus lettowvorbecki. Waliochimba na kubeba walisubiri karibu karne nzima. Boheti alikumbukwa mwaka 2007 kwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 ikaja Wamweracaudia, jina linalotokana na Wamwera, wenyeji wa eneo hilo.

Suala la kurudisha mifupa hiyo limejadiliwa bungeni mara kadhaa, lakini mjusi bado yuko Berlin.